Nilivyonunua chapa ya Julian Trevelyan mnadani kwa mshahara wa ualimu

Saini ya penseli ya mchoraji Mwingereza L. S. Lowry ina bei yake peke yake. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake, wachapishaji wa Uingereza walipiga picha michoro yake ya rangi, wakaichapa kwa mashine ya ofseti nakala mia kadhaa, na mzee akazitia saini moja moja chini ya picha. Nakala ya namna hiyo ya Going to the Match, ule umati wa mashabiki wakielekea uwanjani, siku hizi hupita pauni 10,000 mnadani. Mchoro wenyewe, wa mwaka 1953, ulinunuliwa kwenye nyumba ya mnada ya Christie's Oktoba 2022 kwa pauni milioni 7.8 na kituo cha sanaa cha The Lowry cha Salford, na nilifurahi kwamba umebaki mahali ambapo mtu yeyote anaweza kwenda kusimama mbele yake. Ila ile nakala yenye saini ni picha ya picha. Mkono wa Lowry uliigusa muda wa kuandika jina.

Naanza na Lowry kwa sababu bei yake ndiyo iliyoniamulia nitafute nini. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Tanga, nafundisha sekondari huku Essex. Nilitaka kazi halisi ya Waingereza wa karne ya 20, iliyochorwa na msanii mwenyewe, na nilitaka kuilipia kwa mshahara bila kukopa. Nimeipata. Wenzangu kadhaa, wa huku na wa nyumbani, wameniuliza nimefanyaje, maana wengi wanaamini minada ya sanaa ni ya mabwanyenye wa London. Kwa hiyo naeleza.

Hamu yangu ya kwanza ilikuwa chapa za lino, yaani picha zinazochapwa karatasini kutoka bamba la lino lililochongwa na msanii. Kati ya mwaka 1926 na 1930, katika shule iitwayo Grosvenor School of Modern Art, pale Warwick Square, Pimlico, Claude Flight alifundisha watu kuchonga lino, kitu kilekile kilichokuwa kikitandikwa sakafuni. Bamba moja kwa kila rangi, wino, karatasi nyembamba ya Kijapani, kisha unasugua kwa mkono. Cyril Power, aliyesomea usanifu majengo, akachonga stesheni za treni za chini ya ardhi na wapiga makasia. Sybil Andrews, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akichomelea vyuma vya ndege, akachonga watu wakiwa kazini, migongo imepinda kama upinde. Flight alitaka kazi hizi ziuzwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida hulipia bia au tiketi ya sinema. Nalipenda wazo hilo kwa moyo wote. Lakini nakala zilichapwa chache, mara nyingi 50 au 60, na zile mashuhuri leo zinakwenda makumi ya maelfu ya pauni. Mwalimu haziwezi.

Nilichofanya badala yake ni kwenda kuzitazama bure. Idara ya chapa na michoro ya British Museum ina chumba cha kusomea, na haihitaji uwe profesa. Unaweka miadi, unataja kazi unazotaka, unaletewa mezani. Hakuna kioo kati yako na karatasi. Kwa yeyote anayefikiria kununua chapa, naona hapa ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kufungua katalogi. Nilikaa pale nikiwa na kioo cha kukuzia, nikaona tofauti ambayo maelezo ya kitabuni yalikuwa hayajanifikisha. Chapa ya mawe, yaani lithografia, picha inayochapwa kutoka jiwe lililochorwa kwa mkono, ina chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki ilivyopita juu ya uso wenye mikwaruzo. Picha iliyochapwa kwa ofseti ina vidoti vidogo vilivyojipanga kwa safu na vikundi, vyote vya ukubwa unaofuata hesabu. Ukishaviona mara moja, huvisahau.

Huko kwenye kusoma ndiko nilikokutana na School Prints, na hapo nikajua nimefika. Wazo la kupeleka picha nzuri shuleni lilikuwa la Derek Rawnsley tangu miaka ya 1930. Alifariki mwaka 1943 akiwa jeshini. Vita ilipokwisha, mjane wake, Brenda Rawnsley, akalifufua: aliwaandikia wasanii wa Uingereza akiwaalika wachore lithografia kwa ajili ya kuta za madarasa. Shule zikajiunga kwa ada na kuletewa picha. Nyingi za mwanzo zilichapwa na Baynard Press ya London kuanzia 1946, karatasi kubwa, upana wa karibu sentimita 76, rangi chache, na mara nyingi fremu imechorwa humohumo kwenye karatasi, ili shule isiyo na pesa ya fremu ibandike ukutani vivyo hivyo. Baadaye Brenda alikodi ndege ndogo akaenda Ufaransa kuwashawishi Picasso, Matisse na Braque nao wachore, na seti hiyo ikatoka mwaka 1949.

Nifikirieni mimi, niliyesoma katika darasa la kuta tupu zenye ramani moja tu ya Afrika, nikisoma kwamba mwaka 1946, nchi ikiwa bado inakula chakula cha mgao, kuna mtu aliamini mtoto wa shule ya kawaida anastahili kazi halisi ya msanii aliye hai. Nilijua hizi ndizo ninazozitaka. Na kwa kuwa zilichapwa nyingi na hazina saini ya penseli, soko linazipuuza. Ile saini inayowapeleka watu kwa Lowry haimo, kwa hiyo bei haimo. Wenzao ni zile zinazoitwa Lyons, zilizochapwa kwa ajili ya migahawa ya chai ya J. Lyons mwaka 1947, 1951 na 1955, chapa 40 kwa jumla, za akina Edward Bawden, John Nash na Barnett Freedman. Vita ilikuwa imeacha kuta za migahawa zikiwa chakavu, na rangi na karatasi za ukutani zilikuwa adimu, wakaamua kuzifunika kwa sanaa.

Sasa mnada wenyewe. Nyumba kubwa za London si lazima. Miji midogo ya Essex, Suffolk, Cambridge na Oxford ina nyumba za mnada zinazouza kazi za Waingereza wa karne ya 20 mara kadhaa kwa mwaka, na katalogi zote ziko intaneti. Niliandikisha majina ya wasanii niliowataka, nikawa napata taarifa kila loti yao, yaani kazi iliyopewa namba ya kuuzwa mnadani, inapotokea. Kusoma katalogi ni kazi ya umakini. Maelezo yakisema kazi imesainiwa ndani ya bamba, saini hiyo imechapwa pamoja na picha. Yakisema imetengenezwa kufuatia msanii fulani, mchoraji wa bamba ni mtu mwingine au ni kamera. Neno lithografia peke yake halitoshi, kwa sababu ofseti nayo ni lithografia.

Loti yangu ilikuwa Harbour ya Julian Trevelyan, School Prints ya 1946: boti, maji, nyumba, rangi zilizochangamka. Trevelyan alijifunza uchapaji Paris kwa Stanley William Hayter, akaishi miaka mingi ukingoni mwa mto Thames pale Hammersmith, na baadaye akafundisha Royal College of Art, ambako David Hockney alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Makadirio yalikuwa pauni 150 hadi 250.

Niliomba taarifa ya hali ya karatasi. Nyumba ya mnada huitoa bure na ndiyo haki ya mnunuzi, lakini haiondoi haja ya kwenda mwenyewe siku ya maonyesho. Mnunuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, hufunua shavu la samaki kabla ya kutaja bei, na chapa nayo ina mashavu yake. Nilimwomba mhudumu anifungulie fremu, akakubali bila kinyongo. Nikatazama kingo: je, zimekatwa ili picha iingie kwenye fremu ndogo? Zilikuwa kamili. Nikageuza nyuma: je, imegundishwa kwenye ubao? Hapana, ilishikiliwa juu tu kwa vipande viwili vya gundi ya karatasi. Kulikuwa na madoa machache ya kahawia upande wa kulia, yale yanayoletwa na unyevu, na mstari wa njano ulioachwa na kadibodi yenye asidi. Halafu jua. Rangi iliyofunikwa na ukingo wa kadibodi nikailinganisha na iliyokuwa wazi. Bluu ilikuwa imepungua kidogo sana. Madoa fundi wa karatasi anaweza kuyapunguza. Bluu iliyokwenda haimrudii mtu. Kwa kioo cha kukuzia nikaona chaki, chembe kwa chembe.

Nyumbani nikaketi na hesabu, na hapa naomba msomaji atulie, maana ndipo wengi wanapojikuta wanadaiwa wasichotegemea. Bei ya nyundo, yaani ile ambayo mnadi anaigongea nyundo, si bei utakayolipa. Nyumba ile inatoza kamisheni ya mnunuzi asilimia 25, na juu ya kamisheni hiyo kodi ya ongezeko la thamani asilimia 20. Yaani kila pauni 100 ya nyundo inakuwa 130. Ukinunua kupitia mtandao wa minada, mtandao nao mara nyingi huongeza kama asilimia 5 na kodi yake. Nilikuwa nimejiwekea kikomo cha pauni 260 kwa kila kitu. Nikagawa kwa 1.3, nikapata 200. Hiyo ndiyo namba niliyoiandika, na niliamua kwenda kukaa ukumbini ili ile asilimia ya mtandao isinihusu.

Kuna tozo nyingine ambayo haikunigusa ila inafaa kuijua. Nyundo ikifika pauni 1,000, kazi ya msanii aliye hai, au aliyefariki ndani ya miaka 70, inatozwa haki ya msanii, asilimia 4 kwa kuanzia, na nyumba nyingi humtoza mnunuzi. Bawden alifariki 1989, kwa hiyo warithi wake bado wanapata. Rafiki yake Eric Ravilious, aliyepotea na ndege karibu na Iceland mwaka 1942, muda wake umekwisha. Naiunga mkono tozo hii kabisa. Wasanii wengi waliuza kwa bei ya kutupa, wakaishi kuona wengine wakitajirika kwa jasho lao.

Siku ya mnada mnadi alikwenda mbio kuliko nilivyotegemea, loti zaidi ya mia kwa saa. Nilikuwa nimejisajili kwa pasipoti na bili ya umeme, nikapewa kibao chenye namba. Kabla ya Trevelyan ilipita chapa ya lino ya Bawden ya mwaka 1960, Liverpool Street Station, lile paa la chuma la stesheni ambayo sisi wa Essex tunashukia tukiingia London. Ni kubwa, ni nzito, na naweza kuitazama siku nzima. Sikunyanyua mkono. Ilikwenda maelfu, na mwanamke aliyeinunua alikuwa akitabasamu, nikamfurahia.

Trevelyan alianzia 120. Nilinyamaza hadi 140, nikasubiri wawili waliokuwa wakishindana wabaki mmoja, nikanyanyua kibao kwenye 160. Mshindani aliyebaki, aliyekuwa kwenye simu, akasema 170. Mimi 180. Mhudumu aliyeshika simu akanong'ona na mteja wake, akatikisa kichwa, nyundo ikagonga. Pauni 180, kamisheni 45, kodi 9: jumla 234. Nililipa kwa kadi palepale na kuondoka nayo siku hiyo hiyo, ikiwa imelazwa bapa kati ya kadibodi mbili. Ukitumiwa kwa posta, kataa katakata iviringishwe na kutiwa kwenye bomba. Karatasi ya miaka karibu 80 inavunjika nyuzi zake hata kama huoni ufa.

Fundi wa fremu alinitoza pauni 110, na sikumpunguza, kwa kuwa kadibodi isiyo na asidi na kioo kinachozuia miale ya jua ndivyo vinavyoamua picha itakuwaje wanangu wakiwa watu wazima. Nimeitundika sebuleni, ukuta usiopigwa na jua. Mke wangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Baba Zuhura, hii ndiyo ile ya shule?" Nikamjibu ndiyo, na tukakaa mbele yake mpaka chai ikapoa.

Shuleni nimemwonyesha mkuu wangu hesabu ileile, naye amekubali kutenga pauni 250 za mfuko wa wazazi kwa ajili ya School Prints moja ya korido ya darasa la saba. Katalogi ya mnada ujao imeshatoka. Imo Fairground ya Barbara Jones, makadirio 120 hadi 180, na Jumamosi nakwenda kuifunua nyuma.