Watano wa Brighton

Desemba 2009 niliandaa kipindi cha redio kuhusu mechi za soka za Krismasi za Uingereza. Nilianza na Norwich City 18, Brighton 0, tarehe 25 Desemba 1940, nikaiandika kama kichekesho. Mhariri wangu akasoma akiwa amesimama, akapitisha wino mwekundu juu ya neno "kichapo", akaniuliza:

"Mwanangu, Brighton walikwenda na wachezaji wangapi?"

"Watano, mzee."

"Basi anza na hilo."

Nikakaa kuandika upya. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, ligi ilisimamishwa Septemba 1939 baada ya mechi tatu tu kwa timu nyingi, mikataba ikavunjwa, vijana wakaingia jeshini na viwandani. Soka liliporudi, lilichezwa kikanda ili kupunguza safari, na mchezaji akalipwa shilingi 30 (pauni moja na nusu) kwa mechi, wakati kabla ya vita kima cha juu kilikuwa pauni 8 kwa wiki. Pengo likazibwa na wachezaji wageni: askari aliichezea klabu iliyo karibu na kambi yake, mradi klabu yake imeridhia. Ndivyo Aldershot, timu ya daraja la tatu katika mji wa jeshi, ilivyowapata Cliff Britton, Stan Cullis na Joe Mercer, viungo wa timu ya taifa!

Udhaifu wa mpango huo ni kwamba mchezaji alikuwa mali ya jeshi kwanza. Akinyimwa ruhusa au akihamishwa kambi, kocha anabaki na jezi mkononi. Siku ile Brighton waliazima wachezaji wa akiba wa Norwich, wakaomba na askari waliokuja kutazama, mpaka wakatimia kumi na mmoja. Timu iliyounganishwa mlangoni mwa uwanja haiwezi kulinda goli.

Nilichokuwa nimekiruka kabisa ni msimamo. Msimu wa 1940/41 timu hazikucheza idadi sawa ya mechi, hivyo nafasi zilipangwa kwa uwiano: mabao ya kufunga yagawanywe kwa ya kufungwa. Timu yenye 40 kwa 40 ina 1.00. Iongezee 18 za kufungwa, inashuka hadi 0.69 kwa alasiri moja. Kwa hesabu hiyo Norwich hawakuwa na sababu ya kusita hata walipofika la kumi, na Brighton walijua gharama yake, wakacheza dakika zote 90.

Mzee akasoma tena, akakata sentensi mbili, ile hesabu akaiacha. Tukaingia studio.