Mbwa Niliyemfundisha kwa Kiswahili

Kwenye bustani ya mtaani kwangu huku ugenini kuna watu wasiojua jina langu, lakini wanajua neno moja la Kiswahili: njoo. Wamelisikia miezi minne mfululizo, asubuhi na jioni, likitoka kwa mtu mzima aliyesimama katikati ya majani ameshika kamba isiyo na mbwa. Mbwa mwenyewe, nikimwita, aliinua kichwa, akatazama kulia hata kama mimi niko kushoto, kisha akashika njia yake kama mtu aliyekumbuka kuwa ana kikao.

Mbwa huyo, Gololi, ni bulteria mdogo (miniature bull terrier), wale wenye kichwa cha yai na vijicho vya pembetatu vilivyozama ndani. Ni mweupe mwili mzima isipokuwa doa jeusi kwenye jicho moja. Alinifikia akiwa na miezi mitano. Mwenzangu wa kazini alimpendea sura, akashindwa na tabia, na mimi niliyekuwa nikitoka zamu ya usiku kila alfajiri kurudi kwenye chumba kimya nikasema nipe. Jina langu na namba ya simu vikabadilishwa kwenye kumbukumbu za chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi yake, mwenye nyumba akakubali kwa maandishi, nami nikadhani kazi kubwa imekwisha.

Hilo neno "mdogo" limeponza wengi. Kinachompa jina ni urefu tu: asizidi sentimita 35.5 kutoka chini hadi mabegani. Mengine yote, shingo, kifua na taya, amechukua kwa ndugu yake mkubwa, bulteria wa kawaida. Gololi ana kilo 14, na akiamua hatuendi upande ule, hizo ni kilo 14 za nanga. Asili yao ni Birmingham, Uingereza, ambako katikati ya karne ya 19 mfugaji James Hinks alichanganya damu ya buldogi na ya teria weupe wa Kiingereza. Wadogo walikuwepo tangu zamani, ila Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili aina za mbwa, iliwatambua kama aina yao wenyewe mwaka 1939, na mwenzake wa Marekani, American Kennel Club, ikafuata mwaka 1991. Katika mchanganyiko huo, buldogi alitoa kutokuachia na teria akatoa kujiamulia mambo. Kwa hiyo wenye uzoefu waliponiambia, "Hao ni wabishi, wanasikia wakitaka," niliamini moja kwa moja. Neno hilo lilinigharimu miezi minne, nitalifikia.

Kwanza lugha. Niliamua kumfundisha kwa Kiswahili, na watu wakafikiri ni uzalendo. Hapana. Nikiongea lugha ya huku sauti yangu hupanda mwishoni, kama mtu anayeomba ruhusa. Ndivyo nilivyozoea kuongea kazini. Mbwa hajui maneno yako yana maana gani, ila sauti isiyo na uhakika anaijua. Kwa Kiswahili natamka kama mwenye nyumba. Halafu kuna jambo jingine nisilolisema sana: siku za kazi, Gololi ndiye mtu pekee ninayemsemesha Kiswahili uso kwa uso. Ndiyo, nimesema mtu.

Sasa, Kiswahili kina mitego yake kwenye ufundishaji. Mbwa hushika umbo la sauti, si maana, kwa hiyo maneno unayomwamuru yanatakiwa yasifanane. Mimi nilianza na "njoo" na "ngoja". Yatamke uyasikie: yote yanaanzia puani, na kwa mbwa aliye mita 30 kwenye upepo ni neno moja. Nilikuwa namwita na kumsimamisha kwa pumzi ile ile. "Kaa" nalo lilinitesa, maana sisi tunalitumia kwa kuketi na kwa kubaki. Nilimwambia kaa, akaketi. Nikaondoka hatua tatu, akanifuata. Nikasema tena kaa, akaketi hapo alipofika. Alikuwa sahihi kabisa, mwenye makosa ni mimi. Leo "kaa" ni kuketi tu, kubaki ni "tulia", kujilaza ni "lala", kuachana na kitu kilichoko chini ni "acha", kutema kilichomo mdomoni ni "toa", na kwenda kwenye kitanda chake ni "mkeka".

Lakini kosa la mwaka lilikuwa "haya". Unapomwambia mbwa atulie, lazima awe na neno la kumfungua, la kumwambia sasa inuka. Nikachagua haya, fupi, tamu, inatoka yenyewe. Kilichonishinda kuona ni kwamba Mswahili hawezi kuongea na simu bila haya. Namweka Gololi kwenye mkeka wake, napokea simu ya dada, "haya dada, haya, haya basi," na mbwa anainuka, anarudi, anainuka, ananitazama kama mtu anayechezewa akili. Nikabadili ikawa "ruksa".

Kuhusu mazoezi yenyewe sitarefusha, kwa sababu siri ni moja na haipendezi kwa mtu mwenye haraka: vipindi vya dakika tatu hadi tano, mara nne au tano kwa siku, na unaacha yeye bado anataka. Ukifika dakika ya kumi bulteria hakatai, anaanza kukutungia majibu. Zawadi ni kipande kidogo cha chakula kama punje, apewe papo hapo. Kumpiga ni kazi bure. Nilijaribu kumchapa kofi la kiunoni mara moja tu, siku ya pili tangu aje, na alifurahi. Aliona tumeanza mchezo wa mieleka, akanirukia kwa meno. Hakushtuka hata kidogo, kwa hiyo unayemtisha ni wewe mwenyewe.

Kung'ata kwa mchezo ndiko kunakowafanya wengi wawarudishe. Mimi nilidhani ni nguvu nyingi, nikamkimbiza zaidi, akang'ata zaidi. Kumbe ni usingizi. Mbwa mchanga hulala saa 18 kwa siku au hata zaidi, na akizidiwa na uchovu hufanana na mtoto aliyepitiliza saa za kulala: halii, anang'ata. Nilipoanza kumfungia kwenye kizimba chake chenye blanketi kila baada ya saa moja hivi ya kuwa macho, mikono yangu ilipona ndani ya wiki mbili.

"Toa" tulijifunza kwa njia mbaya. Alimeza utepe wa kandambili yangu, tukashinda kliniki siku nzima tukipigwa picha za tumbo, na bahati ukatoka wenyewe. Bulteria hana staha na kinachoingia tumboni: soksi, mpira, kipande cha taulo, na vikikwama kwenye utumbo ni upasuaji. Ukimvuta kitu mdomoni unamwalika shindano ambalo babu zake walizaliwa kulishinda. Dawa ni biashara: mpe kilicho bora, aachie, kisha mara nyingine umrudishie na kile alichoachia, ajue kwamba kutoa si kunyang'anywa. Wiki za mwanzo nilitembea na vipande mfukoni hata nikienda chooni.

Jambo jingine, tafadhali: mbwa wa aina hii akianza kuzunguka akifukuza mkia wake, usicheke na usirekodi. Rafiki zangu walikuja, wakaona, simu zikatoka. Kwa bulteria mzunguko unaweza kugeuka ugonjwa wa kurudiarudia, akazunguka hadi asahau kula. Mimi humkatiza kimyakimya, nampa kazi ya pua, natawanya punje chini atafute, na siku akikataa kukatizwa nitakwenda kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.

Sasa lile la miezi minne. Nilikuwa nimegundua jambo nikalipuuza. Asubuhi nyingine nikifika kutoka kazini, ufunguo ukigusa kitasa tu anaruka. Asubuhi nyingine naingia, naangusha begi, napita karibu yake, amelala fofofo mpaka nimguse. Nikasema hali ya hewa. Siku moja nimechoka, nimekaa sakafuni namtazama, nikaona: siku zote asizoamka, amelalia ubavu wa kulia. Sikio la kulia limezama kwenye blanketi, la kushoto liko wazi juu, nalo halisikii kitu.

Nikampeleka kupimwa masikio, na kipimo hakidanganyi. Wanambandika nyaya ndogo kichwani, wanampigia vidoko kwenye sikio moja, kisha jingine, na kompyuta inachora jinsi ubongo unavyoitikia. Mchoro wa kulia ulipanda na kushuka kama milima. Wa kushoto ulilala kama uzi. Daktari alinieleza kwamba ni la kuzaliwa na hutokea zaidi kwa mbwa weupe: seli za rangi zisipofika ndani ya sikio, sehemu inayonasa sauti hufa katika wiki za mwanzo za uhai. Kumpigia makofi nyumbani hakungenionyesha kitu, kwa sababu sikio zima lingejibu kwa niaba ya lile jingine. Watoto wa mbwa hupimwa wakiwa na wiki tano tu, kwa hiyo ukimnunua mweupe, dai karatasi ya masikio yote mawili.

Mwenye sikio moja anasikia, ila hajui sauti imetoka wapi. Kwake kila sauti inatokea kulia. Kumbe miezi minne Gololi alikuwa akinitii: nikiita, anatazama ninakosikika, hanioni, anaamua nimeondoka, anaenda kunitafuta. Nilikaa kwenye gari la abiria siku ile ya kipimo nikiwa nimemweka mapajani, kilo zake zote 14, sikutaka mtu aniongeleshe.

Tulianza upya. "Njoo" nimeistaafisha. Sasa naita "Niko wapi?" na hapo hapo nanyanyua mkono juu kabisa. Nilimfundisha ndani kwanza, hatua mbili, kisha koridoni, kisha bustanini na kamba ya mita 10. Akisikia, anazunguka mwili mzima mara moja kama mnara wa taa, anauona mkono, anakuja mbio amebana makalio, masikio nyuma, zile mbio za kichaa ambazo kila mwenye bulteria anazijua. Bibi wa ghorofa ya chini, anayekaa naye nikiwa na zamu ndefu, naye amejifunza. Anasema "niko api" na mbwa anaenda. Ubishi nao upo, sikatai. Mvua ikinyesha anasimama mlangoni na hakuna neno la lugha yoyote litakalomtoa.

Macho ndiyo ninayoyachunga zaidi sasa. Aina hii ina kasoro ya kurithi ambayo nyuzi zinazoshikilia lenzi ya jicho hukatika, lenzi inahama, presha inapanda na mbwa anaweza kupofuka, mara nyingi kati ya miaka mitatu na minane. Kipimo cha vinasaba kipo na kinatoa jibu moja kati ya matatu: yuko salama, ni mbebaji, yaani ana nakala moja tu ya kasoro, au ana nakala mbili. Gololi ni mbebaji. Jicho likiwa jekundu, au likifanya ukungu, au akilifumbafumba, siyo la kusubiri kesho. Mkojo wake napeleka kila mwaka kuangaliwa protini, kwa sababu figo nazo ni udhaifu wao.

Barabarani wapo wanaovuka wakituona. Sijui wanamkwepa yeye au mimi, na nimeacha kupiga hesabu hiyo. Wapo wanaouliza kama ni mbwa aliyepigwa marufuku. Inategemea uko wapi: Uingereza, sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991 haimtaji, Ireland ina bulteria kwenye orodha ya mbwa wanaotakiwa kufungwa kamba na mdomo hadharani. Wewe unayehama nchi kwa nchi kama sisi, soma sheria kabla ya kukata tiketi.

Jumapili mama hupiga. Naweka simu mezani, sauti juu, naye huanza na mbwa kabla yangu: "Gololi, hujambo baba?" Simu iko kushoto kwake. Gololi, yuko kwenye mkeka, anageuka kulia, anatazama dirishani muda mrefu, mkia unapiga sakafu. Tunaongea nusu saa, hajainuka. Kisha mama anaaga kama anavyoaga siku zote, "Haya mwanangu, haya," na mbwa, ambaye neno hilo tulilifuta zamani, ananyanyuka kwenye mkeka na kuja kudai punje yake.