Alisimama tu

Jana nimerudi home saa sita kasoro usiku na usingizi umegoma, kwa hiyo acha niandike tu huku chai inapoa.

Iko hivi, kuna dada tunasali naye alikuwa na tiketi mbili za mchezo wa jukwaani kuhusu Roland Hayes, mumewe akapata dharura kazini, akanipigia mimi. Niko hapa Boston mwaka wa tisa sasa na kiukweli hilo jina nilikuwa nalisikia kwa mbali tu, kumbe jamaa aliishi hapo Brookline, napapita na treni kila siku. Kazaliwa 1887 Georgia, mama yake alikuwa mtumwa kabisa, na yeye ndo akaja kuwa mwanaume Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata jina duniani kwa nyimbo za klasiki, za watunzi wa Ulaya kina Schubert hao, halafu kwenye tamasha hilohilo anakuimbia na nyimbo za kiroho za watumwa.

Sasa tatizo langu ni kwamba nimeimba sauti ya tatu (tena) kwenye kwaya ya usharika kule Moshi toka niko sekondari mpaka siku napanda ndege, na ukishapita mikononi mwa mwalimu wa kwaya wa Kilutheri huwezi tena kukaa ukasikiliza kwa amani, lazima utafute kosa. Nikaanza. Huyu mwigizaji ana lisauti likubwa, zuri, lakini anasukuma mno, wakati Hayes ukimsikia kwenye zile rekodi za zamani sauti yake ni nyepesi, inaelea, akishuka chini unasogeza sikio mwenyewe. Hata pale kwenye stori ya 1917, alipokodi Symphony Hall, ule ukumbi mkubwa wa muziki hapa Boston, kwa hela yake mwenyewe maana hakuna promota aliyetaka kumshika, mtu aliyekuwa tarishi wa kampuni ya bima jamani, jamaa akaimba kama anagombana na piano. Nikamnong'oneza dada, "huyu angekuwa kwetu angewekwa besi." Akanifinya.

Halafu ikaja Berlin.

1924 hiyo. Wajerumani wana hasira, wameshindwa vita na Wafaransa wamewaletea askari Waafrika kutoka makoloni yao kulinda kule mto Rhine, kwa hiyo Mweusi kupanda jukwaani Berlin aje awaimbie Schubert kwa Kijerumani chao waliona ni matusi. Wakamzomea. Pale ukumbini zomea zomea ikawa inatoka kwenye spika nyuma ya vichwa vyetu, yaani ghafla sisi ndo tumekuwa wale watu, na mwigizaji kasimama pembeni ya piano, mikono kaikunja mbele, macho nusu. Haimbi. Hajitetei. Nikadhani labda kasahau, maana ilikwenda, ikaenda, mzee mmoja akakohoa, mimi mwenyewe nikaanza kuona aibu ambayo sijui ni ya nani. Ila nilikuwa namwangalia tumbo (kwaya hiyo), linapanda na kushuka taratibu, mtu anapumua kama yuko tayari muda wowote na hana haraka na yeyote. Kelele zikafifia zenyewe. Ndo akaanza Du bist die Ruh ya Schubert, yaani wewe ndiwe utulivu, kwa kisauti kidogo mno ambacho saa nzima sikujua kama anacho.

Hapo sikuwa na kosa la kutafuta.

Nilichokuwa nawaza kwenye treni ni kwamba nimeimba tuni za Wajerumani maisha yangu yote, kitabu chetu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, kimejaa hizo, na haijawahi hata siku moja kuingia akilini mwangu kwamba kuna mtu anaweza kusimama kanisani aseme hizo sio zako, shuka. Mimi niliogopa tu kukosea noti.

Ile sehemu ya 1942 walipita nayo haraka, mke na binti yake walikaa sehemu "isiyo yao", ya Wazungu tu, kwenye duka la viatu mji wa Rome, Georgia, yeye akaenda kuuliza, akaishia kupigwa na polisi na kuwekwa ndani, mtu aliyekwishamwimbia mfalme wa Uingereza 1921. Mwigizaji hakupiga kelele. Akagusa taya, akanyoosha tai. Huyu jamaa kwa maoni yangu ni mwimbaji wa kawaida tu lakini kwenye kunyamaza sijaona mfano wake.

Tulipotoka tukamkuta mlangoni kavaa kofia ya sufu, anakula chipsi kwenye mfuko, mchovu. Nikamfuata nimwambie hilo la kunyamaza, Kiingereza kikanikimbia chote, nikaishia kumwambia kaimba vizuri sana. Akashukuru kwa sauti iliyokwaruza. Dada akaniangalia mpaka tumefika stesheni.