Daftari la Zabibu: siku 63, mizunguko mitatu, na mkanda wa tumbo

Asubuhi ya siku ya 63 Zabibu, farasi jike, yuko kwenye joto waziwazi, yaani siku za kumtaka dume. Mkia uko juu, anakojoa matone matone kila dume lililohasiwa linapopita, midomo ya uke inafunguka na kufunga. Mkanda wa tumbo, ule unaoshika tandiko, umekazwa hadi tundu la tatu, naye hakugeuza kichwa. Miezi miwili iliyopita, tundu la kwanza tu lilitosha kuleta meno kwenye mkono wa saisi, mtunza farasi, na kila mtu zizini alijibu kwa neno moja: "Ni joto." Haikuwa joto. Ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Zizi liko upande wa Nanyuki, karibu kabisa na ikweta, na hilo lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vya Uingereza husema jike msumbufu avumiliwe mpaka majira ya baridi, kwa kuwa siku zikifupika ovari hupumzika. Hapa mchana una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima, hakuna baridi ya kungojea. Jike mwenye afya na malisho anaweza kuzunguka miezi yote: siku 21 hivi, tano hadi saba kati yake zikiwa za joto. Ukililaumu joto bila kalenda, hutakosa siku ya kulilaumu.

Siku ya 1 hadi 21: kuandika tu

Hakuna dawa, hakuna mabadiliko ya chakula wala ya tandiko. Safu tano daftarini: mkia na mkojo, mkanda, mguu wa mpandaji ubavuni, tabia kwa farasi wenzake, saa ya kazi. Mkanda ulipewa alama 0 hadi 4. Sifuri ni masikio mbele. 1 masikio nyuma. 2 anageuza kichwa. 3 anauma hewa. 4 anauma mtu au anapiga teke. Alama iandikwe hapohapo ukiwa umesimama kando yake. Ukingoja jioni unaandika hasira yako. Programu za simu zipo na zinachora grafu nzuri, lakini simu hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Daftari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi mlangoni mwa banda, masaisi wote wanaliandika.

Mwisho wa mzunguko: siku 11 zenye mkanda wa alama 3 au 4. Zilizoangukia kwenye joto ni nne tu. Saba zilikuwa nje kabisa, nyingine katikati ya mzunguko wakati projesteroni, homoni inayozima joto, iko juu na jike hana hamu na dume yeyote.

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa hiyo niseme polepole. Jike aliye kwenye joto la kweli huwa *mlaini* kwa dume: anamgeuzia matako, anachuchumaa, anainua mkia, anakojoa. Jike anayelaza masikio, kupiga yowe na kurusha teke dume linapokaribia, mara nyingi hayuko kwenye joto. Tena wapo majike wanaonyunyiza mkojo kwa woga, wakiguswa ubavuni au wakisongwa na farasi mkali, siku yoyote ile. Mkojo peke yake si ushahidi.

Siku ya 22 hadi 42: dume na altrasaundi

Kumjaribu kwa dume kulifanyika kila asubuhi, dakika tatu hadi tano. Kati yao pawe na ukuta wa mbao nzito zilizozibwa mpaka chini; fito zenye nafasi huvunja miguu. Kila farasi na mtu wake, naye asimame begani, kamwe si mbele ya kifua, maana majike hurusha miguu ya mbele pia. Mpe muda. Wapo wanaoanza kwa yowe na kulainika baada ya dakika mbili, hasa siku ya kwanza ya joto. Ukimwondoa mapema utaandika "hapana" penye "ndiyo".

Daktari wa mifugo alipima ovari siku tatu mfululizo. Siku ya 25 kifuko cha yai upande wa kushoto kilikuwa milimita 38, siku ya 26 milimita 42, siku ya 27 hakipo, yai limetoka. Siku hizo hizo ubavu wa kushoto ulikataa mguu wa mpandaji kabisa, na siku ya 28 ukatulia. Kwa hiyo yapo maumivu ya joto kweli, ila ni ya siku mbili tatu karibu na yai kutoka, na yako ubavuni. Mkanda uko mbele, nyuma ya kiwiko. Sehemu mbili, sababu mbili. Kuziweka kwenye kapu moja ndiko kulikotuchelewesha.

Siku ya 40 hadi 54: altrenojesti

Watu huifikiria kama dawa ya kutuliza. Thamani yake kubwa zaidi ni kujibu swali. Inafanya kazi ya projesteroni na huzima joto kwa majike wengi ndani ya siku tatu hivi. Tabia ikitoweka, chanzo ni homoni. Ikibaki, tafuta kwingine.

Kipimo ni 0.044 mg kwa kilo kila siku; kwa dawa ya 2.2 mg/ml ni ml 1 kwa kilo 50. Usikisie uzito. Kila mtu alimtaja Zabibu kuwa kilo 450. Futi kamba ilisema vingine: mzunguko wa kifua sm 176, urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako sm 152. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawa kwa 11,880: kilo 396. Dozi ikawa ml 8 badala ya 9. Ilitolewa kwa sirinji isiyo na sindano, nyuma ya ulimi, saa ileile kila siku.

Dawa hii hupenya ngozi ya binadamu. Mwenye mimba, au anayeweza kuwa nayo, asiiguse kabisa, wala asiguse midomo ya farasi baada ya dozi. Glovu ziwe za naitrili. Ina mafuta, inang'ang'ania kwenye pua, kwenye ndoo, kwenye hatamu. Na jike mwenye uambukizi wa mji wa mimba asipewe.

Joto la siku ya 43 halikuja. Dume alikataliwa kila asubuhi. Ubavu, sifuri. Mkanda: 3, 3, 4, 3. Wiki nzima! Ilikatisha tamaa, mpaka tulipoona kwamba hilo ndilo jibu lenyewe.

Siku ya 50: mpango ukabadilika

Mpango ulikuwa kumaliza dawa, kungoja yai litoke, kisha kujaribu homoni ya oksitosini, uniti 60 kwa siku kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 baada ya hapo, ili kurefusha kipindi cha utulivu. Uliachwa. Safu ya tano, ile ya saa ya kazi, ilikuwa inapiga kelele tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeisoma. Tandiko la saa 12 asubuhi, kabla ya nyasi: alama 3 na 4. Tandiko la saa 4, baada ya kula: 1, mara chache 2.

Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, ale asile. Sehemu ya juu ya tumbo haina kinga, na tumbo tupu likitikiswa kwa mwendo asidi hurukia huko. Kuuma wakati wa mkanda ni dalili inayojulikana ya vidonda. Kamera ya tumbo haikupatikana, hivyo daktari aliamua kutibu kwa dalili: omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, 4 mg kwa kilo, yaani gramu 1.6 hivi, kwa siku 28, alfajiri kabla ya mlo wa kwanza. Nyasi za boma rhodes zikapanda hadi kilo 9 kwa siku, wavu wa mwisho saa 4 usiku. Nusu saa kabla ya tandiko, kilo moja ya lusani kavu; hufunika asidi, na kalsiamu yake huipunguza makali. Nafaka zikakatwa nusu.

Kosa: hayo yalianza dawa ya homoni ikiwa bado mwilini, kwa hiyo nafuu ya siku ya 53 haikuthibitisha kitu. Ilibidi kungoja joto lirudi, na lilirudi siku ya 59, siku tano baada ya dozi ya mwisho.

Alama za mkanda tangu hapo: 1, 1, 0, 1, 0.

Kuhusu vifaa. Mkanda wenye mpira upande mmoja tu nimeuchukia tangu zamani. Huvuta tandiko upande. Pande zote mbili au usiwe na mpira kabisa. Kaza tundu moja, mtembeze hatua ishirini, kaza la pili. Mnyororo wa puani kwa jike aliye kwenye joto huongeza vita. Kinachosaidia ni kumpa kazi: badili mwelekeo kila hatua tano sita. Gololi ya kioo ya milimita 35 ndani ya mji wa mimba, ya kuzuia joto, bado inauliziwa. Hufanikiwa kwa majike wachache, na ikipasuka humo ndani ni balaa.

Mkojo wa joto huchoma ngozi ya mapaja. Maji vuguvugu, kausha, paka mafuta mazito ya mgando.

Ubavu wa kushoto leo: alama 2. Yai huenda likatoka kesho au keshokutwa, kwa hiyo siku mbili ni kamba ya mkononi tu, hakuna kupanda. Omeprazoli imebaki siku 14.