Zinakufa kwa kukaa: kumbukumbu ya mradi wangu wa uani, Nkuhungu, Dodoma

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Nilisema nitakuwa naandika kila wiki, haya sasa, miezi minne imekatika na daftari lina kurasa mbili na alama ya kidole cha oili. Leo mama watoto kaenda kwenye kikoba, uani kumetulia, ngoja niyamwage yote kwa mkupuo.

Mradi wenyewe ni huu: naomba, au nanunua kwa bei ya chuma chakavu, mashine ndogo za petroli ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa, za kukata majani, jenereta, pampu, nazifungua hapa uani jioni nikitoka kazini na wikiendi. Sijasomea ufundi, mimi ni mtu wa stoo, kazi yangu ni kuhesabu mabox. Spana nimezijua kwa kuumia vidole.

Kilichonitia kichaa ni video za Wamarekani. Kule mtu anasukuma mashine yake ya majani mpaka kando ya barabara siku ya takataka anaiacha, mwenzake anapita na pikapu anabeba, jioni inanguruma. Nikajua na huku nitazikuta hivyo. Thubutu! Huku mpima chuma chakavu anapita na mzani wake kabla hujapiga mswaki, na asiyemuuzia anaiweka nyuma ya nyumba kuku watagie. Kwa hiyo ya kutupwa kwetu maana yake ipo stoo mwaka wa pili na ukimuuliza mwenyewe anakwambia ilikufa.

Ila ukishafungua kama sita hivi unaanza kuona kitu. Za Dodoma hazifi kwa kazi, zinakufa kwa kukaa. Mvua yetu ni ile moja tu, inaanza kama Desemba, Aprili imeaga, baada ya hapo majani yanakauka mpaka yanakuwa rangi ya biskuti na mashine inaenda stoo ikiwa na mafuta ndani. Miezi saba. Petroli ile nyepesi inaruka hewani inabaki kitu kama asali imeganda chini ya kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, vijitundu vya jeti vinaziba, Desemba mtu anavuta kamba mpaka bega linauma, anasema injini imekufa. Na jenereta ndo usiseme, mgao wa 2023 kila mwenye duka la soda alinunua kijenereta, halafu Februari 2024 bwawa la Nyerere likaanza kuzalisha, umeme ukatulia, vijenereta vikaenda kulala na tangi lake limejaa nusu. Mimi nafaidika lakini roho inauma.

Mashine ya kwanza, ya kukata majani ya kusukuma, nimepewa bure na mama mmoja wa Ilazo. Nilimkuta getini nikamwamkia, akacheka, "Mwanangu, beba tu, mimi hapo naona panya wanazaliana." Nikaipakia kwenye bajaji, dereva akataka hela ya watu wawili, nikampa.

Kabureta ilikuwa kama nilivyotegemea. Nikafungua lile bakuli la chini, harufu ikatoka kama ya rangi ya zamani, ndani ungaunga wa kijani na floti, lile boya la kupimia mafuta, imegandia. Jeti kuu ukiielekeza juani huoni mwanga upande wa pili. Hapa nisimame kidogo maana watu wengi wanaharibu hapa: usichokonoe jeti na sindano wala waya wa chuma, kile kitundu kina kipimo chake na shaba yake ni laini, ukikitanua mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Mimi nachuna waya wa umeme, ule wenye nyuzi nyingi, natoa uzi mmoja wa shaba, huo ndo naupitisha. Halafu petroli safi, brashi ya meno ya zamani, na pampu ya baiskeli kupuliza kila njia. Dakika arobaini hivi, na kelele za mama watoto juu maana nilikuwa nafanya hayo hatua tano kutoka kwenye jiko la mkaa lenye maharage. Alikuwa sahihi. Siku hizi nafanyia nyuma ya choo.

Nikafunga, nikavuta kamba, ikakohoa, halafu ikaninyang'anya kamba mkononi! Yaani ilirudi ndani kwa nguvu, kishikio kikanipiga vidole nikaona nyota. Nikavuta tena, pa! moshi ukatokea kwenye kabureta badala ya ekzosi. Plagi ina moto mzuri, mafuta yapo, kompresheni, ule mgandamizo wa pistoni, ipo. Nikalala na swali.

Jibu lilikuwa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini. Kuna kijichuma kidogo, kii, kinashika flaiwili isizunguke peke yake juu ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kile kwenye hizi mashine kinatengenezwa laini makusudi, ili kisu kikigonga jiwe hiyo kii ndo ikatike, krenki isipinde. Na viwanja vya Dodoma mnavijua, chini ya nyasi ni mawe, ukichimba choo unaita watu wa nyundo. Kii ilikuwa imekatika nusu, flaiwili imehama kama milimita mbili tatu, basi moto unakuja kabla ya wakati wake na pistoni inasukumwa kurudi ilikotoka. Kumbe mashine haikufa stoo, iligonga jiwe kwanza, halafu ndo ikalala. Mama hakusema, au labda hakujua, aliyekuwa anakata ni kijana wa kazi.

Hapo nikafanya ujinga. Sikupata kii Majengo, nikasaga kipande cha msumari mnene kwa tupa kikaingia vizuri sana, mashine ikawaka mvuto wa pili nikapiga picha nikatuma kila mahali. Jirani yangu mmoja fundi wa pikipiki akaja kuona, akauliza kii umeweka ya kitu gani, nikamwambia kwa majivuno. Akanyamaza kwanza. "Kaka, sasa ikigonga jiwe lingine kitakatika nini?" Nikafungua tena siku hiyo hiyo. Nimetengeneza nyingine kutoka kipande cha alumini cha fremu ya dirisha, na ndiyo iliyopo mpaka leo. Wakati narudisha nikapima pengo la koili, ile inayotengeneza moto wa plagi, na flaiwili kwa kadi ya mchango wa harusi, unene wake unafaa kabisa, na ile harusi kusema kweli sikuchanga kwa hiyo angalau kadi imefanya kazi.

Jenereta sitasema sana. Nilinunua elfu 40 kwa jamaa wa Kisasa, haikuwa na moto kabisa, nikahangaika na koili kabla ya kukumbuka kuangalia oili. Kulikuwa na tone. Nyingi ya hizi zina swichi inayozima moto oili ikipungua, na injini za saizi ya Honda GX160 zinabeba karibu nusu lita na kidogo, lita 0.6, sasa mtu akiona haiwaki anauza. Nikajaza, ikawaka. Ila umeme hakuna, mita inasoma volti 3. Ikikaa sana ile sumaku kidogo inayobakia kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani, inapotea, na bila hiyo haina pa kuanzia kuzalisha. Nikachomoa waya mbili za kaboni zinazogusa rota, pale kwenye AVR, kile kidude cha kurekebisha volti, nikaazima betri ya volti 12 ya bodaboda, injini ikiwa inazunguka nikagusa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, sekunde tatu hivi, taa niliyochomeka ikapepesa. Nikazima, nikarudisha waya, nikawasha tena: volti 228. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Imeuzwa laki na ishirini kwa kijana mwenye saluni Chang'ombe, na nimemwambia mara tatu asiiwashie ndani hata kama mvua inanyesha, ule moshi unaua mtu amekaa kwenye kiti.

Sasa tuje kwenye iliyonitoa jasho, brashikata, ile ya kukata majani ya kuvaa begani. Tu-stroki, zile zinazokorogewa oili kwenye petroli. Nilibadilishana na ndoo ya rangi niliyobakiwa nayo.

Inawaka. Hiyo ndiyo shida yake, inawaka. Inaunguruma sekunde tano, ukiongeza mafuta inazama, inakufa. Kabureta za hizi hazina floti, zina dayaframu, kile kipande cheusi laini kama ngozi ya puto, kikikauka kinakuwa kigumu kama karatasi ya sanduku na hakipampu mafuta. Nikafungua, kweli kimekuwa kigumu, nikasema nimekupata. Seti mpya elfu 8 Sabasaba. Ikawaka, sekunde tano, ikafa. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha mpira wa mafuta na kile kichujio kidogo ndani ya tangi. Nikakorogea mafuta upya kwa kipimo, lita moja petroli na mililita 40 za oili ya tu-stroki, 25 kwa 1 kama ilivyoandikwa kwenye tangi, napimia bomba la sindano la duka la dawa, la mililita 20, mara mbili. Ikafa. Nikalegeza kifuniko cha tangi nikidhani haipati hewa. Ikafa. Nikanunua koili elfu 15 ambayo nilijua kabisa moyoni kwamba haihitajiki maana moto ulikuwepo, lakini mtu akishachoka ananunua. Ikafa na koili mpya.

Elfu 38 zimeondoka, wiki tatu, mashine ya ndoo ya rangi.

Jumapili moja nimekaa tu naitazama, mwanangu wa darasa la tatu kachutama upande wa ekzosi anachungulia. "Baba, humu mbona kuna udongo?" Nikamwambia ni masizi hayo usishike. Akasema, "Si meusi, ni mekundu." Akachomeka njiti.

Nyigu. Wale wa kiuno chembamba wanaojenga kwa matope kwenye kona za madirisha. Alikuwa ameingia kwenye tundu la ekzosi akajenga humo nyumba yake, udongo wa Dodoma ule mwekundu, umekauka na kuokwa na joto langu la sekunde tano tano mpaka umekuwa tofali. Nikafungua ekzosi, skrubu mbili tu, mbili! nikagonga kwenye jiwe, kikadondoka kitu kama kidole gumba. Mwanangu akakivunja, ndani vyumba viwili, na kila chumba kimejaa buibui wadogo waliokauka, miguu imekunjwa vizuri kama wamepangwa. Chakula cha watoto wa nyigu. Tulikaa tunawahesabu, tukapata kumi na moja na vipande.

Injini inavuta hewa mpya lakini moshi hauna pa kutokea, lazima ifie hapo. Nikarudisha ekzosi, mvuto mmoja, ikapiga kelele mtaa mzima ukajua. Siku hizi nafungua ekzosi kabla sijagusa kitu kingine, na ninazozilaza naziba tundu kwa kitambaa chekundu ili nisisahau kukitoa. Na kabla ya kuilaza nafunga koki ya mafuta naiacha inanguruma mpaka inyonye yote izime yenyewe, ile ya begani haina koki basi namwaga tangi kwanza. Huyo mama wa Ilazo nilimpelekea kumwonyesha mashine yake, akataka kuinunua tena. Tulipatana elfu 60, nikamwelekeza kijana wake kuokota mawe kwanza kabla ya kukata, kaniangalia kama nimemtukana.

Hesabu za miezi minne, nisiwadanganye, ukitoa spea, bajaji na ile koili ya hasira, nimebaki na elfu 74. Kuuza maji ya baridi stendi kunalipa kuliko hivi.

Jana jioni mzee mmoja kutoka Hombolo kaleta pampu ya inchi mbili juu ya bodaboda, ya kumwagilia zabibu. "Mbukwa," akaiweka chini, maji yanavuja pale injini inapokutana na pampu, anasema kijana aliiwasha akasahau kutia maji ya kuanzia, ikazunguka kavu. Basi sili imeungua hiyo, hazichukui dakika nyingi zikikosa maji. Anaitaka Alhamisi. Ipo hapa mbele yangu, na nimeshachungulia ekzosi: safi.