Jinsi nilivyoandika toni za lugha niliyoiunda

Nilipoanza kuunda lugha yangu, ambayo niliipa irabu saba na toni tatu, yaani viwango vya sauti vinavyobadilisha maana ya neno (ya juu, ya chini na ya kushuka), sikudhani kwamba maandishi ndiyo yangenikwamisha. Kiswahili hakikunifaa kitu hapa, kwa kuwa hakina toni, na irabu zake tano zinatoshewa na herufi tano zisizo na alama yoyote.

Nilianza kwa kuiga Kikuyu, ambacho huandika ĩ na ũ ili kuzitenga irabu hizo na i na u. Alama hiyo huonyesha irabu tu. Toni, ingawa Kikuyu kinazo, kwa kawaida haziandikwi. Mimi nilitaka vyote viwili, kwa hiyo herufi moja ikabebeshwa alama mbili zilizopandana, kama ế ya Kivietinamu, na kwenye simu yangu sikuweza kuzitofautisha.

Nikageukia njia ya Wahmong, jamii ya Asia, ambao katika tahajia ya Kilatini iliyobuniwa Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950 huonyesha toni kwa konsonanti ya mwisho. Silabi zangu zote huishia na irabu, nikaona nimepata. Nilimwandikia dada yangu "tas", nikamweleza kwamba s hapo ni toni ya chini na haitamkwi. Akasoma "tasi" mara tatu, ya tatu akinicheka.

Ufumbuzi niliupata katika Kiyoruba, ambacho huweka nukta chini ya herufi kubainisha irabu, toni ikakaa juu, na toni ya kati ikaachwa bila alama. Mimi niliiacha hivyo toni ya chini, kwa sababu ndiyo iliyojaa katika sentensi zangu. Basi "bẹ" ni kisima, "bẹ́" ni kuita, na "bệ" ni jana.

Ikabaki kompyuta. Katika Yunikodi, mfumo unaozipa herufi namba kwenye kompyuta, ẹ́ haina namba yake moja. Huundwa kwa vipande, na vipande hivyo vinaweza kufuatana kwa zaidi ya njia moja huku jicho likiona kitu kilekile. Kamusi yangu, niliyoichapa nusu kwa simu na nusu kwa kompyuta, ikawa inakana maneno niliyokuwa nikiyatazama. Nilijiwekea kibodi moja yenye mpangilio mmoja, herufi, nukta, kisha toni, nikayachapa upya maneno yote ya zamani.

Dada sasa husoma "bẹ" na "bẹ́" bila kukosea. "Bệ" bado huivuta kana kwamba ina irabu mbili, na nimeanza kushuku kwamba ningeiandika "bẹ́ẹ" tangu mwanzo.