Kuchonga mpigo wa leza wa rangi nyingi

Mpigo wa leza (mmweko mfupi wa mwanga) wa femtosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni-bilioni za sekunde, umebeba rangi nyingi. Kuubadili umbo ni kuzitenganisha rangi, kuichelewesha kila moja kwa kiasi chake, kisha kuzirudisha pamoja.

Mpangilio: gretingi (kibao chenye mistari myembamba kinachotenganisha rangi), lenzi, skrini ya fuwele-kimiminika (ndiyo inayochelewesha rangi, pikseli kwa pikseli, kwa volti), lenzi, gretingi, kila kimoja kikiwa umbali f, yaani umbali wa fokasi wa lenzi, kutoka kinachofuata. Kwa leza ya nanomita 800, gretingi ya mistari 1200 kwa milimita na f ya milimita 300, kila nanomita hutandazwa takriban milimita 0.4 kwenye skrini. Kwa mipigo mifupi sana, vioo vilivyopinda ni bora kuliko lenzi, maana lenzi hukusanya kila rangi mahali tofauti.

Kwanza iondoe skrini. Mpigo ukitoka mrefu kuliko ulivyoingia, mara nyingi gretingi haijakaa umbali sahihi. Isogeze, usikimbilie kuficha kosa kwa programu inayoendesha skrini.

Kisha irudishe skrini. Volti inayotoa awamu (kiasi cha kuchelewesha wimbi la mwanga) ya 2π, yaani wimbi moja zima, kwa nanomita 780 haitoshi kwa 820, basi kila pikseli ipimwe kwa rangi yake. Awamu ikiruka zaidi ya π kati ya pikseli jirani, mipigo bandia huchomoza. Na polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) ikienda kombo na mhimili wa fuwele, sehemu ya mwanga hupita bila kuguswa.